Simu Mbili za Bei Moja

Ekaale aliziweka simu mbili juu ya kioo cha kaunta dukani kwake Lodwar, moja ya kijani, moja nyeusi, kisha akakunja mikono akaningoja. Bei yake ilikuwa moja, hata shilingi haikupishana, na hapo ndipo tabu yangu ilipoanzia. Moja ingekuwa ghali ningesingizia umaskini, nikachukua nyingine na kwenda zangu.

"Akal, chagua," akasema. "Hii iko na megapikseli hamsini, na hii pia hamsini. Zote sawa."

"Hamsini ya nani?" nikamwuliza. "Lete nje tuone."

Mimi ni mpiga picha. Nina chumba kimoja cha mabati Kakuma mjini, kando ya njia iendayo kambi ya wakimbizi, na mlangoni nimeandika kwa rangi nyekundu PICHA HAPO HAPO. Kamera yangu iliuawa na vumbi mwezi wa pili. Fundi wa hukohuko Lodwar aliifungua, akaipuliza, akaifunga tena bila kusema neno, na mimi si mjinga, nikaelewa. Sasa nilikuwa nimekuja kununua simu ya kazi, na nilikuwa na uwezo wa kununua moja tu. Nikikosea, nitakosea mwaka mzima.

Nje ya duka palikuwa na mbuzi anatafuna katoni. Nikampiga picha kwa simu ya kwanza, nikampiga kwa ya pili, na Ekaale akaanza kucheka.

"Wateja yako siku hizi ni mbuzi?"

Nikamwacha acheke. Baba yangu anafuga mbuzi kule Kaikor, na alitulea tukijua kwamba mtu asiyeweza kumtambua mbuzi wake kwa sikio na kwa madoa hana haki ya kumdai. Mbuzi huyu alikuwa wa kahawia, shingoni ana madoa ya rangi ya jivu, na sikio lake la kushoto limekatwa alama mbili. Simu nyeusi ilionyesha vyote hivyo, pamoja na tope lililokauka gotini. Simu ya kijani ilitoa mbuzi mzuri ajabu, anang'aa, shingo yote rangi moja.

"Baba angemkataa huyu," nikasema. "Angesema si wake, ametoka kwa jirani."

Nilisema kwa mzaha, na mzaha huo ningeusikiliza vizuri ningejiepushia mengi. Lakini kisha Ekaale akanipiga picha mimi mwenyewe. Ile nyeusi ilinionyesha mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye chunusi kidevuni na macho ya kukosa usingizi. Ya kijani ilinionyesha dada yake mdogo, ambaye hakuwahi kufua wala kugombana na mtu. Niliitazama picha hiyo muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nawajua wateja wangu. Hakuna anayefunga safari kwenda kwa mpiga picha ili akaambiwe ukweli.

"Nifungie ya kijani," nikasema.

"Ndani ya siku saba ukiona haikufai, rudisha na boksi yake, nitakubadilishia," akasema Ekaale. "Lakini isiwe na mkwaruzo."

Wiki ile nilifanya kazi kwa raha. Wanakwaya wa Kikongo walikuja wote kumi na wawili, wakiongozwa na Sylviane mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na kila mmoja alipoiona picha yake alitaka nyingine. Akina mama walileta binti zao. Mwalimu mmoja aliniuliza kama naweza kumpiga tena ile ya kitambulisho, nikamwambia hiyo ni kazi ya serikali na serikali haipendi watu wapendeze.

Siku ya nne, Alhamisi, akaingia mzee Bichiok.

Bichiok ni fundi wa nguo kambini, Mnuer wa Sudan Kusini, mtu wa miaka sitini au karibu na hapo. Pazia la bluu ninalotumia nyuma ya wateja ni yeye aliyelishona. Nilikuwa nimemjua miaka sita na sijawahi kumwona bila kofia yake ya sufu, aliyoivuta mpaka kwenye nyusi, hata katika joto la Kakuma ambalo mbwa wenyewe hulikimbia. Nilidhani ni mambo ya uzee.

"Ejok, binti yangu," akanisalimu kwa Kiturkana chake cha sokoni, kisha akaketi. "Nataka picha moja. Picha ya maana sana."

Akanieleza polepole. Mwaka ule vita vilipoingia mji wao, alikuwa na binti wa miaka minane aitwaye Nyawech. Mama yake alikuwa ameshafariki. Watu walikimbia kila upande, na mtoto akapotelea katika kundi jingine. Bichiok alitafuta miaka zaidi ya kumi. Sasa, mama mmoja wa kanisa aliyekuwa na ndugu katika kambi ya Gambella, Ethiopia, alikuwa amempata huko msichana mwenye jina hilohilo, hata jina la baba na la babu yakilingana.

"Sasa si umpigie?" nikasema.

"Nimepiga. Anakata." Akajifuta jasho chini ya kofia. "Aliambiwa baba yake alikufa. Tena watu wawili walishamdanganya, kila mtu anasema mimi ni baba yako, halafu anaomba vitu. Sasa yeye hataki sauti. Anasema, leta uso."

Akanipa namba ya binti, ameiandika kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha kitambaa.

Nikamwambia avue kofia. Akaniuliza kama ni kweli yale aliyoambiwa na wanakwaya, kwamba simu yangu mpya inasafisha uso. Nikamwambia kwa fahari kuwa inasafisha kuliko sabuni. Ndipo akaivua, na paji lake nikaliona mara moja tu, mistari sita ya makovu wanayochanjwa wanaume wa kwao, iliyotoka katikati kwenda masikioni, kabla hajageuka kwenda kuketi mbele ya pazia. Nikapiga. Picha ikatoka safi, mzee wa watu kapungua miaka kumi na mitano, ngozi imelainika, paji limetulia. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Kwes," akasema kwa Kiarabu cha kwao, yaani nzuri. "Kwes sana. Tuma hii."

Nikaituma kwa namba ya Nyawech, kutoka simu yangu, na sote wawili tukaridhika kabisa na kazi yetu.

Jibu lilikuja kesho yake mchana, ujumbe wa sauti wa Kinuer. Nikafunga chumba, nikamfuata Bichiok kwenye cherehani yake kambini, nikamwekea sikioni. Alisikiliza mara mbili. Kisha akanifasiria akitazama chini.

"Anasema, huyu si baba yangu. Anasema, uso yake sikumbuki vizuri, nilikuwa mdogo. Lakini kuna kitu moja najua iko kwa uso ya baba yangu, na sitasema ni nini, kwa sababu nikisema mtaitengeneza. Kwa hii picha hakuna." Akanirudishia simu. "Anasema, kwa sababu ya huyo mama ya kanisa, ataangalia picha moja tena. Moja tu. Halafu anafunga hii namba."

Nilikasirika, na nitasema ukweli, nilimkasirikia yule msichana. Nikamwambia Bichiok binti yake ana kichwa kigumu. Tukaanza kubahatisha ni kitu gani. Meno ya chini aliyong'olewa utotoni? Lakini hayo hata wengi wa rika lake hawana. Kidoti chini ya jicho? Kilikuwa kimejitokeza juzi tu. Bichiok alizidi kuvuta kofia chini na kusema hajui.

Usiku sikupata usingizi mzuri, na asubuhi nikaifungua ile picha, nikaikuza kwa vidole mpaka ikajaa kioo. Ile mistari sita haikuwepo. Palikuwa na kivuli chake tu, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta kipimo cha urembo, kinacholainisha ngozi, nikakishusha mpaka sifuri, nikapiga picha mkono wangu wenye alama ya moto wa jikoni. Alama ikatoka imefifia vilevile. Nikamkumbuka mbuzi wa Lodwar, shingo rangi moja, na nikajiona mpumbavu. Simu ilikuwa imemnyang'anya mzee wa watu uso wake, nami nikamtumia mwanawe uso usio wake kwa mikono yangu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya sita. Kabla ya saa nne nilikuwa Lodwar.

Ekaale aliigeuza simu ya kijani, akaikuta ina mkwaruzo pembeni. Ilikuwa imeniponyoka siku ya wanakwaya.

"Hii ni nini?"

"Vumbi."

Akaisugua kwa kidole gumba. "Vumbi gani hii haitoki?"

Nikamwambia anyooshe mkono. Ekaale ana kovu refu kiganjani, kamba ya ngamia ilimchana kisimani alipokuwa kijana, na huwa hachoki kulisimulia. Nikalipiga kwa simu zote mbili, nikaziweka kando kwa kando. Katika nyeusi kovu lilikuwepo lote, mpaka pale lilipopinda kwenye kifundo cha mkono. Katika ya kijani kiganja kilikuwa laini kama cha karani.

Akatazama. Akatazama tena.

"Imeniibia kovu yangu," akasema taratibu, na kusema kweli aliumia.

Hapo nikamweleza habari ya Bichiok na Nyawech. Nilipomaliza akaitoa ile nyeusi kwenye boksi, akaiweka mbele yangu, na ya kijani akaiweka dirishani.

"Hii itakuwa ya maonyesho," akasema. "Lakini ukumbuke, wateja watakukimbia."

"Wakimbie. Wakichoka watarudi."

Nilisema kwa kiburi, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa na hofu. Na kweli, Jumatatu asubuhi kabla sijafagia, Sylviane akaja na rafiki yake. "Dada Akal, miye nataka ile telefone ya kijani," akasema. Nilipompiga kwa nyeusi akaitazama picha, akanitazama mimi, akamshika rafiki yake mkono wakaenda. Sikuwaita.

Bichiok alikuja baada yao, na kofia yake.

"Tumia ile ya kwanza," akasema. "Ongeza tu mwangaza."

"Ya kwanza imerudi Lodwar, mzee. Vua kofia."

Alivua kama anayevua shati mbele ya daktari. Nikampiga moja, ya majaribio, na nilipoitazama nikaona kitu ambacho macho yangu yenyewe hayakukiona Alhamisi. Mistari mitano ilikwenda sawasawa. Wa nne, upande wa kushoto, ulianza vizuri, ukateremka ghafla kuelekea nyusi, ukapanda tena na kuendelea na safari yake. Bichiok aliinama akaiona picha hiyo.

"Futa," akasema.

"Kwa nini?"

"Akal, nimesema futa."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. Nikaiweka simu mezani, nikakaa kwenye ndoo, nikangoja.

"Tulikuwa vijana tano," akasema mwishowe. "Tulilala chini, pamoja. Kisu ikianza, hutikisiki. Hata jicho hupepesi. Ndiyo unakuwa mwanaume. Wale wanne walikuwa kama wamelala usingizi. Mimi, kwa mstari ya nne, nilitikisika." Akaligusa paji kwa vidole viwili. "Baba yangu alisimama akaenda zake. Wasichana waliimba juu yangu mwaka mzima. Mpaka leo, mtu wa kwetu akiniona bila kofia, hata hajui jina yangu, hiyo anajua."

Kumbe ndiyo sababu. Miaka sita nimekuwa nikimtania juu ya ile kofia, na yeye akicheka tu. Nilisikia aibu, na mimi nikisikia aibu huwa mkali.

"Mzee, una miaka sitini. Wale wasichana sasa ni mabibi, wengine hawana hata meno ya kuimbia."

Akacheka bila kutaka. Nikaendelea kabla hajafunga mlango huo.

"Mistari sita kila mzee wa kwenu anayo. Wale matapeli wawili huenda nao walikuwa nayo. Huyo mtoto anatafuta kitu ambacho wengine hawana. Sasa hebu niambie, huu uliopinda ni wa nani mwingine?"

Nje mtu alikuwa anauza maji, punda wake amegoma, na tulimsikia akimbembeleza muda mrefu.

"Alikuwa mdogo," Bichiok akasema. "Hawezi kukumbuka hiyo. Na kama hakumbuki, nimejianika bure, tena nimempoteza."

"Inawezekana," nikasema. Sikuweza kumdanganya. Nami niliogopa, kwa kuwa picha ilikuwa moja tu, na mpigaji ni mimi.

Akavuta stuli mwenyewe, akaketi mbele ya pazia lake la bluu.

Basi nikafanya kazi yangu. Mwanga wa mbele hulaza ngozi, kila kitu huwa bapa, ndiyo maana watu huupenda. Nikafunga dirisha. Mlango wangu unatazama mashariki na jua lilikuwa bado chini, nikaurudisha nusu ili mwanga uingie kwa ubavu, umpate Bichiok upande wa kulia na kumvuka kwenda kushoto. Kila mstari ukapata kivuli chake. Ule wa nne ukasimama peke yake. Nikamwambia asinitazame mimi, aitazame simu kana kwamba Nyawech amekaa ndani yake. Nikapiga mara moja, nikaona inatosha, nikatuma kabla hajaomba kuiona.

Chini ya picha ikatokea alama moja ya kijivu. Kisha mbili, imefika. Tukakaa. Nikampa chai, ikapoa. Alama zikageuka bluu, ameiona, lakini halikuja neno lolote. Dakika kumi, ishirini. Bichiok akainuka, akaichukua kofia yake mezani, akasema ana suruali za watu za kumaliza.

Simu ikaita alipokuwa mlangoni.

Nikabonyeza nikamshikisha, kwa haraka yangu nikaiacha kwenye spika, na chumba kikajaa sauti ya msichana. Alisema sentensi moja fupi ya Kinuer. Kisha akangoja. Msichana akairudia ileile, safari hii sauti inakatika, na kofia ikamponyoka mzee mkononi.

"Anasema nini?" nikanong'ona. "Mzee, anasema nini?"

"Anasema," akaanza. "Anasema, ng'ombe yangu imeruka mfereji."

Nikamkodolea macho. Akaligusa paji lake, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Akiwa mdogo alikuwa anakaa hapa kwa magoti. Kidole yake ni ng'ombe. Hii mistari ni njia ya kwenda mtoni. Akifika hapa kwa nne, hapa pabaya," kidole chake kikafika pale palipopinda, "ng'ombe inaona mfereji, inaruka. Halafu anacheka. Kila siku. Mimi nilikuwa namwambia aache. Nilifikiri ni ile wimbo ya wasichana, amesikia kwa watu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Yeye alikuwa anapenda hapo tu."

Nililia na mimi, sioni haya kusema. Kisha nikatoka nje nikawaachia chumba. Walizungumza zaidi ya saa nzima kwa simu ya kazi yangu, na wateja wawili waliokuja niliwaambia wakae kivulini, kuna mtu anazungumza na mwanawe. Mmoja wao alikuwa Sylviane, amerudi peke yake. Alisikia kicheko cha mzee kutoka ndani, akaniuliza ni picha gani hiyo iliyoleta mambo, na nilipomsimulia akakaa kwenye jiwe akasema atangoja zamu yake.

Nilipoingia, Bichiok alikuwa ameketi tena kwenye stuli, mbele ya pazia. Kofia ilikuwa sakafuni karibu na mlango, pale ilipomwanguka, na wala hakuwa na habari nayo.

"Anataka ingine," akasema. "Ya karibu zaidi, kwa hii upande ya kushoto."

Nikaushika mlango ili niurudishe nusu kama mwanzo. Sikuhitaji kumwambia ageuke. Alikuwa ameshalielekeza paji lake kwenye mwanga.